Ugoro Chini ya Mdomo

Jumatatu, 6 Mei

Maji ya bombani leo yalikuwa tope tena. Nimechota, nimefagia, nimepika uji, nimechelewa namba shuleni. Mwalimu wa zamu hakuniona. Watu huwa hawanioni. Mara nyingine ni faida.

Mchana haikuwa faida. Madam Rehema, mlezi wa kilabu chetu cha afya, alipita safu yote ya kidato cha tatu na kidole chake kikasimama kwangu. Hotuba ya tumbaku. Eti Kiingereza changu kimenyooka, kwa hiyo nitasoma vitabu halafu niandike Kiswahili ambacho hata mchimbaji aliyeishia darasa la pili ataelewa. Na nisome mwenyewe. Mbele za watu.

Nilitaka kukataa. Nikasema, "Sawa, Madam."

Nimefundishwa lugha mbili, na katika zote mbili sina sauti. Darasani nikiulizwa swali nalijua jibu na nanyamaza. Nikiwa na karatasi mkononi naweza kidogo. Bila karatasi nakufa.

Jioni nimeandika ukurasa wa kwanza. Sigara na mapafu, sigara na moyo. Rahisi. Nyumbani kwetu hakuna anayevuta. Baba alikuwa anavuta, lakini Baba alifuata dhahabu Chunya nikiwa darasa la nne na hajarudi. Hayumo kwenye hotuba.

Jumatano, 8 Mei

Nimemsomea Mama hotuba akiwa anachagua mchele. Alikuwa ndiyo ametoka kwenye mawe. Sisi tunapaita hivyo, kwenye mawe. Ni pale nyuma ya karasha, ile mashine ya kusaga mawe, wanawake wanapokaa chini ya maturubai na kuponda kwa nyundo mawe yaliyotoka duarani, kwenye mashimo ya wachimbaji, kabla hayajapelekwa kusagwa. Vumbi lilikuwa limempaka mpaka viwikoni, kama aliyeshika unga.

Alisikiliza mpaka mwisho. Amefurahi kuliko mimi.

"Waambie hao, ng'wanone. Sigara imewamaliza wanaume wa hapa."

Ng'wanone ni mwanangu. Kisukuma anakitoa akifurahi au akiumwa.

Anaongea amebana mdomo kwa sababu ya ugoro. Wanawake wa kwenye mawe wote wanaongea hivyo, ukiwa mgeni utadhani wamekukasirikia. Asubuhi unabana ugoro chini ya mdomo, unafunga. Mdomo ukifungwa vumbi haliingii, na njaa haikusumbui mpaka jioni. Mama alifundishwa na bibi, kule Songwa, akiwa na umri wangu. Bibi alisema ni dawa ya jino pia. Nilipokuwa darasa la tano jino liliniuma, Mama akanibandika kidogo. Nilitapika mpaka nikadhani utumbo nao unatoka. Upuuzi, utumbo hautapikwi, lakini ndivyo nilivyojisikia.

Kidonda chake cha mdomoni bado. Kipo tangu kabla ya Krismasi. Anasema ni joto la mwili. Kikimuuma anabandika ugoro juu yake, panakufa ganzi, anaendelea na kazi.

Leo nilikuwa na furaha. Niandike, maana si kawaida yangu.

Jumamosi, 11 Mei

Tumekwenda kwenye mawe kutoa elimu. Kilabu kizima, na mabango, na spika ya kuazima kanisani. Mwenye karasha alikubali kuizima. Sikuwahi kuisikia ikiwa kimya. Wachimbaji walipanda kutoka kwenye maduara kuja kuona nani amekufa hata karasha izimwe.

Nikasoma. Macho sikuyatoa kwenye karatasi. Jamaa mmoja mwenye tochi kichwani akapaza, "Mdogo wangu, sisi foleni yetu ya kufa ni ndefu! Kifusi kiko mbele, mwambie sigara akae nyuma asubiri!" Wakaangua kicheko. Mwingine akamkemea, "Mwacheni mtoto asome, jamani. Hebu nishikie hii sigara nimpigie makofi." Hapo hata walimu walicheka.

Nilipomaliza, Madam akachukua maiki. "Haya, tusidanganyane. Nani hapa anatumia tumbaku? Nyoosha mkono."

Wanaume wakanyoosha, wengine mikono miwili, kwa kujisifu. Upande wa wanawake hakuna hata mkono mmoja.

"Mnaona? Tuwapigie makofi akina mama!"

Tukawapigia. Mama alikuwa mbele kabisa, amekaa juu ya ndoo aliyoipindua, anajipigia makofi na yeye. Mdomo wake wa chini umejaa. Mama Kulwa, anayeponda mawe jirani naye, alitema pembeni kwanza ndipo akapiga kigelegele.

Na mimi nilipiga makofi. Nilipiga sana.

Jumanne, 14 Mei

Sijui nianzie wapi.

Madam alinipa kijitabu cha Kiingereza nitafsiri kwa ajili ya hotuba ya mwisho wa mwezi, siku ya kupinga tumbaku. Nilikaa maktaba peke yangu. Nilikuwa natafsiri bila kufikiri, sentensi baada ya sentensi, kama mtu anamenya karanga. Tumbaku isiyo na moshi. Nikaandika. Ya kunusa, ya kutafuna, ya kubana kati ya mdomo na fizi. Nikaandika. Ina sumu ileile, inaleta saratani ya mdomo. Nikaandika. Dalili ni doa jeupe au jekundu na kidonda kisichopona.

Kalamu ikasimama.

Ukurasa uliofuata ulikuwa na picha. Sitaieleza.

Kila neno nililijua. Hakuna hata moja nililohitaji kutafuta kwenye kamusi. Nimesoma Kiingereza miaka yote hii ili nije nisome hiki.

Mabango yetu yote yana picha ya sigara iliyokatwa na mstari mwekundu. Mawili nilichora mimi. Kijani cha kwenye pakiti kilinishinda, nikatumia bluu. Hakuna bango lenye ugoro. Hakuna mtu aliyefikiria. Mimi ninayelala chumba kimoja na kopo lake sikufikiria.

Nilipofika nyumbani nilimwomba Mama anionyeshe kidonda. Akaniuliza tangu lini nimekuwa daktari. Akacheka kwa mdomo uliofungwa.

Jumatano, 15 Mei

Sijamwambia.

Ijumaa, 17 Mei

Nimemwambia Madam badala ya Mama. Kwanza alisema bibi yake mzaa baba alitumia ugoro mpaka akazeeka na akafa kwa uzee tu. Kisha akakisoma kile kijitabu mwenyewe. Akakifunga. Nadhani alikumbuka makofi.

"Minza, mwambie mama yako aende hospitali. Leo, si kesho."

Kana kwamba kumwambia Mama ni jambo dogo. Kumwambia mzazi habari za mdomo wake mchafu. Kwetu mtoto hasemi hivyo. Hata ningekuwa mwenye mdomo mpana nisingesema, sembuse mimi.

Jumapili, 19 Mei

Nimesema. Tulikuwa tumetoka kanisani, anavua viatu. Nikasema haraka haraka, yote kwa pamoja, kama nilivyoikariri: Mama, ugoro ni tumbaku, kijitabu kinasema kidonda kama chako ni saratani, twende hospitali.

Aliendelea kuvua kiatu.

"Kwani mimi natoa moshi?"

Nikasema si moshi, ni sumu iliyo kwenye jani.

"Bibi yako alikufa na ugoro?"

Nikasema hapana.

"Haya."

Ndiyo mazungumzo yote. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

Alipokwenda kumwona mgonjwa, nilichukua kopo lake nikalimwaga chooni, nikaliosha, nikalirudisha mahali pake tupu. Nilidhani nafanya jambo kubwa. Aliporudi alilifungua, akaliangalia, akanusa sabuni. Akachukua kanga yake akaenda kwa Bi Zaina, yule mama wa pale sokoni Kalangalala anayetwanga ugoro na kuuza magadi. Akarudi mdomo umejaa. Akapika, tukala. Yeye alikula kidogo, upande mmoja.

Kabla ya kulala alisema, kama anaongea na ukuta, "Mtoto akisoma anamwona mzazi mchafu."

Sikumwona mchafu. Sikuweza kulisema hilo pia.

Alhamisi, 23 Mei

Pilipili ameacha. Chai ya moto ameacha. Ugali anauloweka kwenye mchuzi mpaka unakuwa uji. Duka la dawa wamempa dawa ya kusukutua, muuzaji hakumwangalia hata mdomo. Anasukutua asubuhi na jioni kwa uaminifu kabisa, anatema, anafuta mdomo, halafu anabana ugoro juu yake.

Nimemwona. Kioo kilikuwa dirishani na alidhani sipo. Alivuta mdomo chini. Pembeni ni peupe kama ukoko wa maziwa, katikati ni pekundu, pamechimbika. Ni ile picha. Ni ileile.

Nilienda nyuma ya nyumba nikalia mpaka nikapata kwikwi.

Jumatatu, 27 Mei

Nimeandika hotuba ya Ijumaa mara nyingi na kila mara ugoro nauweka mwisho, mstari mmoja, haraka. Madam ameniambia niupandishe juu. Ameniambia nitoe mfano, watu wa hapa hawaelewi bila mfano.

Mfano ninao.

Ijumaa, 31 Mei

Nimefanya kitu kibaya.

Spika ileile, mahali palepale, karasha imezimwa. Mgeni rasmi kutoka ofisi ya kata alichelewa, jua likawa kali, watu wakaanza kunung'unika kwamba kazi imelala. Nilianza na sigara. Wachimbaji wakaanza mambo yao, "Madam Mdogo amerudi!" Nikafika kwenye ugoro. Nikasema ugoro ni tumbaku. Nikasema wanawake hapa wanautumia wakidhani ni dawa.

Upande wa wanawake wakaanza kucheka. Si kwa ubaya, walicheka kama mtu anayesikia mtoto anasema jua ni baridi. Mama Kulwa akaniita kwa Kisukuma, kama anavyoita kila binti, "Mayu, si ungemaliza na wavuta sigara kwanza? Ugoro una kosa gani? Hata mapadri wananusa!" Wakacheka zaidi. Mama naye alikuwa anacheka. Amefunika mdomo kwa mkono kwa sababu siku hizi akicheka panauma.

Ule mkono. Ndio ulionisukuma.

Nilishusha karatasi. Nikasema kwenye maiki, bila karatasi, kwa mara ya kwanza maishani mwangu bila karatasi:

"Nendeni mkamwangalie mama yangu mdomoni. Huyo hapo. Mdomo umeoza. Ni ugoro."

Spika ilikuwa kubwa. Nadhani walisikia mpaka barabarani.

Watu wote waligeuka. Mama hakuinuka haraka. Alikunja kanga usoni, akachukua nyundo yake na mpira wa kushikia jiwe, akaenda. Alipita mbele yangu. Kanga ilifunika kila kitu isipokuwa macho.

Madam alinikumbatia, akaniambia nimekuwa jasiri. Mgeni rasmi alifika dakika hiyo, watu wakapiga makofi kwa ajili yake.

Mimi si jasiri. Nilishindwa kumwambia Mama tukiwa wawili chumbani, ndiyo maana nikawaambia watu wote.

Jumapili, 2 Juni

Haongei na mimi. Ananiwekea chakula, haongei. Kanisani hakwenda.

Jumatano, 5 Juni

Kwenye mawe wamempa jina. Mama Kidonda. Mama Kulwa ndiye aliyeanza, kwa utani, anasema. Wengine hawataki kunywea kikombe kimoja naye tena, wanaogopa kuambukizwa. Hilo sikulisema. Sikusema kinaambukiza! Ningesema hakiambukizi kama ningejua kwamba ndicho watakachokielewa.

Amehamisha mawe yake. Anapondea nyumbani sasa, nyuma ya choo, peke yake. Vumbi lote linaingia ndani. Shule imefungwa, kwa hiyo nashinda naye. Nasikia nyundo tu.

Nilimwambia samahani. Nyundo ikaendelea.

Na hospitali sasa ndiyo haendi kabisa. Amesema mara moja tu, bila kunitazama: akionekana anakwenda, watasema ni kweli.

Mimi ndiye niliyemfungia mlango.

Jumatano, 12 Juni

Mate yake yana damu. Anaficha.

Jumapili, 16 Juni

Nimemwandikia ujumbe mama mdogo Limi, kwa simu ya jirani. Ni mdogo wake Mama, yuko Ibadakuli kule Shinyanga, anapikia mafundi. Nimemwambia kila kitu pamoja na spika. Sikupunguza. Amejibu neno moja: Nakuja.

Ijumaa, 21 Juni

Mama mdogo amefika. Sauti yake ilifika kabla yake. Alisalimia mtaa mzima, nikampa shikamoo, akasema marahaba huku ananivuta sikio.

"Wewe ndiye uliyemtangaza dada yangu kwenye spika kama mnada wa ng'ombe?"

Nikasema ndiyo.

Akaingia ndani. Nilisikia akisema, "Dada, fungua mdomo." Akarudia: "Dada, mimi nimekuogesha ukiwa na homa ya uzazi, usinifiche mdomo. Fungua." Kisha kimya. Mama mdogo Limi huwa hanyamazi, hata akila anaongea.

Alitoka akaketi kizingitini. Mikono yake ilikuwa magotini imelegea.

"Ungemtangaza mapema," akaniambia.

Kesho kutwa wanaondoka kwenda hospitali Mwanza. Mama amekubali. Si kwa sababu yangu. Amekubali kwa sababu hawezi tena kumeza.

Jumatano, 26 Juni

Wamekata kipande kidogo cha nyama kupeleka maabara. Majibu yatachukua muda. Mimi nimebaki Geita kulinda nyumba. Nimefagia vumbi la mawe nyuma ya choo. Linarudi. Sijui linatoka wapi maana hakuna anayeponda.

Nimejaribu kusali. Naishia katikati, naona aibu hata kwa Mungu.

Ijumaa, 5 Julai

Mama mdogo amepiga simu. Ni yenyewe. Imeingia kwenye taya na kuna uvimbe shingoni. Daktari amesema kukata haiwezekani tena, watampiga mionzi ili kupunguza maumivu. Mama mdogo alimuuliza, "Kupunguza au kuponya?" Daktari akarudia, kupunguza.

Daktari alimuuliza Mama kama anavuta. Mama akatikisa kichwa. Akaulizwa ugoro. Akaitikia. Daktari akauliza kwa nini hakuna mtu aliyewaambia.

Tuliambiwa, Daktari. Tuliambiwa habari za sigara, na tukapiga makofi.

Jumanne, 9 Julai

Shule imefunguliwa. Madam ameniuliza kama niko tayari kuwa mwenyekiti wa kilabu. Nimemwambia hapana. Nimelitamka neno zima, hapana. Amenitazama kama hajawahi kunisikia.

Mabango mapya yamekuja. Mazuri, ya karatasi ngumu. Sigara.

Jumamosi, 20 Julai

Mama yuko nyumbani. Ni mdogo. Sikujua mtu mzima anaweza kupungua hivyo. Upande wa shavu umeungua na mionzi, umekuwa mweusi. Haongei kwa sababu ulimi haugeuki vizuri, anatumia mikono na macho. Mama mdogo amenionyesha namna ya kumpa uji kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na dawa ya maji ya maumivu. Kisha akarudi Shinyanga, mafundi wake wanasubiri. Alipopanda gari hakuongea na mtu yeyote stendi nzima.

Mama sasa ananitazama. Hilo ndilo lililobadilika. Zamani alikuwa ananipita. Sijui kama amenisamehe au amechoka.

Jumanne, 30 Julai

Dawa ya maji imekwisha, na hospitali ya hapa wamesema ifuatwe kulekule Mwanza. Mama mdogo ataileta Jumamosi. Tangu jana Mama anagugumia. Halii, sauti yake haitoshi kulia. Leo asubuhi aliniita kwa kupiga godoro. Akaonyesha mdomo wa chini. Akasugua kidole gumba na cha shahada pamoja, vile wanavyofanya wakichukua kidogo kutoka kwenye kopo.

Nilijifanya sielewi.

Akarudia. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Alikuwa ananiomba. Mama yangu ananiomba mimi.

Nimekwenda sokoni. Nimekwenda na sare ya shule, sikuwa na akili ya kubadilisha. Bi Zaina alikuwa anapepeta, ameketi kwenye kigoda, juba lake limejaa unga wa kahawia. Nikampa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Wewe si yule wa kipaza sauti?"

"Ndiyo, bibi."

"Uliyesema nawaua watu."

"Sikukutaja, bibi."

"Hukunitaja. Lakini nani mwingine anauza?" Akaendelea kupepeta. "Nilikaa wiki sikuuza kitu. Kisha wakarudi, mmoja mmoja. Unataka nini?"

Nikasema ugoro. Akaacha kupepeta.

"Wa nani?"

"Wa Mama. Dawa yake ya maumivu imekwisha."

Akaweka ungo chini. Nilidhani atacheka. Au atanifukuza, ana haki. Alichota kidogo, akafunga kwenye kipande cha nailoni, akanisukumia mkononi. Hela yangu hakuipokea. Akageuza uso akaniambia, "Nenda. Nenda haraka."

Nilimbandika mwenyewe. Mikono yake inatetemeka, hawezi. Nilivuta mdomo uliobaki, nikaweka kidogo sana mahali palipokuwa na nyama nzima. Ninajua ni nini. Ninaweza kuwatajia sumu zake kwa lugha mbili. Aliacha kugugumia. Baada ya muda alilala.

Nilinawa mikono kwa sabuni, mara nyingi. Bado inanuka.

Alhamisi, 8 Agosti

Dawa ipo. Analala muda mwingi. Shuleni sijaenda.

Jumapili, 11 Agosti

Baada ya misa alikuja Mama Kulwa. Alipita mlango wa nyuma, kanga kichwani, amebeba ndizi kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa. Alimsalimia Mama kwa Kisukuma, akamshika mguu juu ya shuka. Hakumwita lile jina. Alikaa. Alisema mvua haionekani, karasha imeharibika mkanda, mawe ya siku hizi hayana kitu. Mama alikuwa amefumba macho.

Kisha akaniambia taratibu, "Minza. Wewe unasoma. Hebu niangalie hapa."

Akatema alichokuwa nacho mdomoni kwenye kitambaa. Akasogea dirishani penye mwanga, akavuta mdomo. Nikaangalia. Mimi si daktari. Kulikuwa na weupe, umekunjamana kama ngozi iliyokaa sana kwenye maji. Sikuona pekundu. Sikuona palipochimbika. Nikamwambia aende hospitali wiki hii, aonyeshe hapohapo, aseme ni ugoro. Nilimwambia kwa sauti ya kawaida. Hakuna aliyecheka.

"Ni kama wake?"

Nikageuka kumwangalia Mama.

Mama alikuwa amefumbua macho. Akapiga godoro. Mama Kulwa akamsogelea. Mama akatoa mkono chini ya shuka, akashika mdomo wake wa chini kwa vidole viwili, akauvuta, akauacha wazi. Aliushikilia hivyo. Mama Kulwa aliinama akaangalia, hakugeuza uso. Aliangalia mpaka mkono wa Mama ukachoka.

Mama Kulwa alinyanyuka, akajifunga kanga upya, akatoka alikoingilia. Sijui kama atakwenda. Kile kitambaa aliondoka nacho.

Nilimfuta Mama mate, nikamgeuza upande usiouma. Nikafua shuka. Jua lilikuwa kali, shuka likakauka upesi.